Barua ya wazi kwa wakuu wa mifuko ya ruzuku: mhasibu analipwa na nani?

Wakubwa zetu, shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

Mimi ni mhasibu wa shirika dogo la hisani. Mtu wa nyuma kabisa, kwenye picha za mradi sionekani, labda kama ndiye niliyeshika simu ya kupigia. Naandika usiku huu nikiwa nimetoka kusaini ripoti ya fedha ambayo kila namba iliyomo ina vocha, kila vocha ina risiti, mkaguzi akija atapekua mpaka achoke na hatakuta senti iliyopotea, lakini ukiichukua yote kwa pamoja hiyo ripoti haisemi ukweli. Inasema mradi umeendeshwa kwa gharama za utawala asilimia 7. Thubutu! Sijawahi kufunga mradi hata mmoja ambao kweli uliendeshwa kwa 7, na nadhani ninyi pia mnalijua hilo, na mimi najua kwamba mnajua, halafu kila mwaka tunasaini wote tunapeana mikono.

Nimechoka, ndio maana naandika hadharani.

Tuanze na hili neno lenyewe, gharama za utawala au za uendeshaji, wengine mnaita ovahedi, maana nahisi mtu akilisikia tu anamuona mkurugenzi kakaa kwenye kiti cha ngozi anazungushwa na gari lenye kiyoyozi. Mimi nikilisikia naona vitu vya kuchosha tupu. Naona ada ya mkaguzi wa nje, ambaye kwanza ni ninyi mliomtaka. Naona bima, pango la ofisi, makato ya benki kila hela inapovuka mpaka, leseni ya programu ya uhasibu, vikao vya bodi ambavyo bila hivyo mtasema hatuna utawala bora. Naona yule dada wa rasilimali watu anayekesha anapiga simu kwa wadhamini wa mwombaji kazi kabla hatujamruhusu mtu huyo kukaa karibu na watoto. Naona wiki tatu za watu wawili wanaoandika andiko la mradi ambalo mwisho wa siku linajibiwa kwa mistari minne, asante kwa kuomba, ushindani ulikuwa mkubwa. Na naona mshahara wangu.

Mkataba wenu una kurasa nyingi za masharti, na karibu kila sharti ni kazi ya mtu aliye ofisini: tunzeni risiti miaka saba, leteni ripoti kila robo mwaka, nukuu tatu za bei kwa kila manunuzi, sera ya kulinda watoto, sera ya data, sera ya kupambana na rushwa, na zote ziwe zinafanya kazi sio za kupamba kabati. Sipingi hata moja, mimi ndiye wa kwanza kuzitaka. Ila ukurasa wa bajeti ndio unaosema utawala usizidi asilimia fulani, na asilimia hiyo haijawahi kukaa meza moja na hizo kurasa za masharti. Aliyeandika masharti na aliyeandika asilimia inaonekana hawasalimiani.

Sasa swali ambalo hamtuulizi: ile gharama iliyobaki inakwenda wapi? Maana haiyeyuki. Pango halipungui kwa sababu mfadhili kaandika 7.

Nitawaambia inakokwenda, na hapa natubu kabisa. Sehemu ya kwanza inabadilishwa jina. Mwaka huu kwenye makaratasi mimi ni watu wanne: kwenye mradi mmoja ni afisa takwimu, kwenye mwingine ni mratibu msaidizi, wa tatu nimeandikwa mshauri wa vikundi vya akiba, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo mhasibu. Mratibu msaidizi! Mimi ambaye nikienda eneo la mradi wananiuliza umepotea? Ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ni fungu la bajeti. Afisa wenu wa ruzuku alipoona bajeti akatuambia kwa upole "punguzeni hapo kwenye utawala, wekeni kwenye shughuli", yaani alitufundisha mwenyewe, na wala hakuwa mtu mbaya, alitaka andiko letu lipite kwenye kamati yake.

Sehemu ya pili haifanyiki kabisa. Kompyuta iliyopaswa kubadilishwa inaongezewa mwaka, halafu mwingine. Data za wagonjwa zinakaa kwenye kifaa kimoja bila nakala. Nafasi ya msaidizi wangu haina mtu toka aliyekuwepo aondoke kwenda kampuni binafsi, na simlaumu. Likizo naiuza kwa maneno matamu, "tutaangalia baada ya ukaguzi". Mwaka 2009 kule Marekani kuna watu wawili waliandika juu ya jambo hili wakaliita mzunguko wa njaa: mfadhili anadhani uendeshaji ni rahisi, shirika linaogopa kumkatalia linaandika namba ndogo, mfadhili akiona namba ndogo anazidi kuamini kwamba ni rahisi, mwaka unaofuata anabana zaidi. Niliposoma mara ya kwanza nilijiona kama mtu aliyepigwa picha bila kujua.

Sehemu ya tatu ndiyo inayoniuma. Inalipwa na hela ambazo hazina masharti, na hizo kwetu zinatoka kwa watu wa kawaida, mtu anatuma kidogo alichonacho kila mwezi kwa imani, hajaandika mkataba wa kurasa arobaini, hataki nembo yake kwenye kisima. Hela ya huyu ndiyo inayoziba pengo la mradi wa mfuko wenye mabilioni kwenye uwekezaji. Yaani ukiangalia vizuri, mwenye kidogo ndiye anayempa ruzuku mwenye kingi. Niliwahi kulieleza hili kwenye kikao na mwakilishi wa mfuko mmoja, akacheka akidhani natania.

Na tusidanganyane kwamba hili ni la shirika moja lisilojua kubana matumizi. Mwaka 2016 taasisi ya ushauri ya Bridgespan ilipekua hesabu za mashirika 20 ya Marekani yanayosifika kwa kazi nzuri, ikakuta gharama zisizo za moja kwa moja, yaani hizi za uendeshaji, ni kati ya asilimia 21 na 89 ya gharama za moja kwa moja, yaani zile za miradi yenyewe, ya katikati ni 40, wakati mifuko mingi ilikuwa inalipa 15. Angalieni huo upana, 21 mpaka 89. Shirika la utafiti lina maabara na mitambo, shirika la kutetea sera lina watu na simu tu, lenye matawi nchi nyingi lina mawakili na wakaguzi kila nchi. Sasa asilimia moja ikae juu ya wote hao kama kofia ya saizi moja? Sisi ni wadogo kuliko wale 20 na namba zetu si zao, lakini hiyo kofia tunavalishwa vilevile.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 2013, wakuu wa GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yaani haohao waliokuwa wanawapa watu namba za kulinganishia mashirika, waliandika barua ya wazi kwa wachangiaji wa Marekani wakisema asilimia ya uendeshaji peke yake ni kipimo kibovu cha kazi ya shirika. Kwa hiyo barua ya namna hii si ya kwanza. Ile ya kwanza iliandikwa na wenye rula, hii inaandikwa na anayepimwa.

Kuna waliosikia. Ford Foundation, mfuko mkubwa wa Marekani, kwenye uendeshaji walitoka asilimia 10 wakaenda 20 kuanzia 2016, na 2023 wakapandisha tena kuwa 25. MacArthur Foundation, mfuko mwingine wa hukohuko, wakaweka 29. Serikali ya Marekani ilikuwa na kiwango cha 10 kwa shirika ambalo halijajadiliana nayo kiwango chake, tangu Oktoba 2024 ikawa 15. Wote hao wana bodi kali na wanasheria kuliko idadi ya watu ofisini kwetu, na walilifanya.

Halafu kuna hili la Umoja wa Ulaya ambalo mimi kila nikilifikiria nashindwa. Mtafiti akipata ruzuku yao ya utafiti ya Horizon Europe anawekewa asilimia 25 ya uendeshaji papo hapo, hakuna maswali. Shirika la misaada likipata ruzuku ya Umoja huohuo kwa kazi za maendeleo nje ya Ulaya, kikomo ni 7. Nyumba moja, jikoni moja, sahani mbili. Profesa ana pango na umeme, na sisi tunafanyia kazi chini ya mti? Naomba mtu anieleze hesabu iliyofikia hiyo 7, sio siasa yake, hesabu yake.

Nije kwenye jambo ambalo wenzangu wakurugenzi hawatapenda niliseme. Sisi wenyewe tumelikuza hili zimwi. Nani aliyeandika kwenye vipeperushi "kila senti yako inamfikia mlengwa"? Sisi. Nani kwenye mashindano ya ruzuku anashusha bajeti mpaka chini ya gharama halisi ili amshinde jirani? Sisi. Mficha uchi hazai, na sisi tumeficha miaka. Kwa hiyo kabla sijawadai ninyi niseme tunachopaswa kufanya huku kwetu, maana wengine wanadhani kulipia uendeshaji ni kuomba huruma, kumbe ni hesabu za kawaida.

Kwanza, kinachoweza kupimwa kwa mradi kipelekwe kwenye mradi, tena mchana kweupe. Ofisi ina watu kumi, wanne wanafanya mradi huu, basi asilimia 40 ya pango na umeme na intaneti ni ya mradi huu. Gari lina daftari la safari, kilomita zinajieleza. Mimi nina taimushiti, karatasi ya kuandika muda wa kazi, siku sita mwezi huu nimezifanya kwenye hesabu zenu, zilipieni kama siku sita za mhasibu kwa jina lake la mhasibu. Hapa hatuombi upendeleo, hizo ni gharama za moja kwa moja ambazo zimekaa tu kwenye jengo moja na nyingine. Ila kuna masharti na wenzangu wengi wanayavunja: kanuni ya kugawa iandikwe kwenye sera, iwe ileile kwa wafadhili wote, na isibadilishwe katikati ya mwaka kwa sababu mradi fulani umebakiza hela. Na ukishaiweka gharama juu usiihesabu tena chini kwenye asilimia, huko ndiko kulipisha mara mbili na mkaguzi akikukuta nayo hata mimi sitakutetea.

Kinachobaki ambacho hakigawanyiki, bodi, ukaguzi wa shirika zima, mkurugenzi, sera, hicho ndicho kinachotakiwa kuwa na asilimia, na asilimia ipatikane kwenye hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana. Chukua jumla ya gharama zisizo za moja kwa moja, gawa kwa jumla ya za moja kwa moja, basi. Darasa la saba anaweza. Tuseme imekuja 25. Hiyo ndiyo bei yetu, kama mwenye kiwanda anavyojua bei ya kutengeneza kitu chake.

Na hapa ndipo naomba mnisikilize polepole maana ndipo panapotuua. Kama bei yetu ni 25 na ninyi mnalipa 10, kila mradi wa 100 tunaoshinda unatuachia pengo la 15. Tukishinda mitatu ya namna hiyo pengo ni 45. Watu wakisikia tumepata mradi mpya wanashangilia ofisi nzima, na mimi niliyekaa kwenye kona nachukua kikokotoo. Tunavyozidi kufanikiwa ndivyo tunavyozidi kuzama. Nimeshuhudia shirika rafiki likikua haraka, miradi juu ya miradi, likapewa na tuzo, halafu likafunga milango likiwa na ruzuku zinazoendelea, kwa sababu hela zote zilizokuwa benki zilikuwa na majina ya miradi na mishahara ya ofisi haikuwa na jina. Watu walishangaa wakauliza nani kaiba. Hakuna aliyeiba.

Mtasema basi tafuteni vyanzo vingine. Tunatafuta. Kuna ada za wanachama, kuna kukodisha ukumbi, kuna kuuza ushauri na mafunzo, kuna wachangiaji wadogo wale niliowataja, kuna wanaochangia nafasi ya shirika dogo kukaa chini ya mwavuli wa kubwa na kugawana huduma za uhasibu, na hilo la mwavuli nalipenda, kwa shirika changa ni bora kuliko kuajiri mtu kama mimi. Ila kumwambia shirika linalohudumia watu wasio na uwezo wa kulipa kwamba likafanye biashara ili kufidia hasara ya mradi mliouagiza ninyi, hapo mnageuza kibao. Nyumba ukimwagiza fundi hulipi tofali tu halafu ukamwambia chakula cha vibarua atafute kwa jirani.

Kukataa ruzuku je? Kuna bodi zimeanza. Wanaweka kikomo chao wenyewe, mradi usiofikisha kiasi fulani cha gharama halisi hausainiwi mpaka bodi ijue pengo litazibwa na nini na ikubali kwa maandishi. Mimi naunga mkono. Lakini tuwe wakweli, shirika lenye mishahara ya miezi miwili benki halina ubavu wa kukataa, linasaini na kumuomba Mungu.

Akiba nayo ni kichekesho. Mkataba unasema hela isiyotumika irudi. Sawa. Thamani ya fedha yenu ikipanda tukapata ziada, ziada ni yenu. Ikishuka tukapata hasara, hasara ni yetu. Awamu ya mwisho mnaizuia mpaka ripoti ipitishwe, na ripoti inakaa kwenu miezi, na sisi tumeshalipa watu kwa hela ambayo hatuna. Mradi ukiisha Desemba na mwingine ukianza Aprili, wale wafanyakazi mliowasifia kwenye ziara wanakaa miezi mitatu wapi? Na sheria za kazi zinataka tuwape kiinua mgongo, ambacho mkataba wenu unasema hakitambuliki kama gharama. Halafu kwenye fomu ya maombi yanayofuata mnauliza, shirika lina akiba ya miezi mingapi? Jamani. Ingetoka wapi?

Nimesikia pia ile hoja kwamba tukifungua mlango wa uendeshaji watakula. Naijibu kama mhasibu. Wizi nimeuona, na mara nyingi nilizouona haukuwa kwenye uendeshaji. Ulikuwa kwenye shughuli, kwenye fungu nono linalopendwa: semina yenye majina ya watu 60 na saini zote za mkono mmoja, mafuta ya gari lililokuwa gereji, posho za siku ambazo hazikuwepo. Wizi unakaa penye hela. Na anayeukamata ni nani? Mhasibu aliyepewa muda wa kulinganisha saini, mkaguzi wa ndani, mtu wa manunuzi anayejua bei. Wote hao ni uendeshaji. Ukiwafuta kwa kubana matumizi umemfukuza mlinzi kwa sababu mshahara wake hauonekani kwenye picha. Ni kweli yapo mashirika yenye makao makuu yaliyonona, siwatetei, lakini hayo asilimia yenu haiwakamati maana ndiyo yenye wataalamu wa kubadilisha majina ya mafungu kuliko mimi. Anayekamatwa ni mdogo anayeandika ukweli.

Serikali nazo zimejaribu njia hii ya kikomo na tumeona. Ethiopia mwaka 2009 ilileta sheria ya 70 kwa 30, utawala usizidi 30, inaonekana ni kubwa kabisa, ila tafsiri ya neno utawala ilikuwa pana mpaka ikameza gharama za kazi yenyewe, mashirika yakahangaika. Sheria mpya ya 2019 ikashusha namba kuwa 20 lakini ikabana tafsiri, utawala ni zile gharama zisizofungamana na shughuli za mradi. India 2020 wakashusha kwa hela za nje kutoka 50 kwenda 20 kwa mkupuo mmoja. Ninachojifunza hapo ni kwamba namba bila tafsiri haina maana, na ninyi mifuko kila mmoja ana tafsiri yake. Ukaguzi kwa mmoja ni gharama ya moja kwa moja, kwa mwingine ni utawala, kwa wa tatu hauruhusiwi. Mtu huyohuyo, mimi, natunza daftari tatu za ukweli mmoja, na huo muda wa kutunza daftari tatu nao ni gharama ya uendeshaji ambayo hamlipi. Kaeni hata nusu siku mkubaliane tafsiri moja tu, hilo peke yake lingenirudishia wiki nzima za mwaka.

Kisha wale mnaopitisha hela kwa mashirika makubwa ya kimataifa ili yatugawie sisi. Mnampa mkubwa 7 yake. Akitushushia sisi kazi, kazi inashuka, hatari inashuka, ripoti zinashuka, ile 7 inabaki juu. Mara nyingi tunachoambiwa ni kwamba mfadhili haruhusu, na tukikuuliza wewe mfadhili unasema hatujamkataza. Mwaka 2016 kule Istanbul wakubwa wa misaada ya dharura walikubaliana kuwapa watendaji wa ndani hela zaidi, na 2022 kamati ya pamoja ya mashirika ya kibinadamu, IASC, ikatoa mwongozo wa kuwapa washirika wa ndani gharama za uendeshaji. Kwa fedha za serikali ya Marekani ni kanuni tangu 2014, anayepitisha hela anatakiwa atambue kiwango cha anayempitishia. Mifuko ya pamoja ya Umoja wa Mataifa inayosimamiwa nchini inampa wa ndani 7 kama inavyompa wa kimataifa. Kwa hiyo njia ipo. Andikeni sentensi moja tu kwenye mkataba wenu na yule mkubwa: kila anayefanya kazi apate sehemu yake ya uendeshaji, na muulize kwenye ripoti ilifika au haikufika. Mkiuliza italipwa, msipouliza hailipwi, naongea kwa uzoefu.

Ninachoomba mzunguko ujao si kikubwa. Kwenye ile karatasi ya bajeti mnayotutumia kuna kisanduku cha mwisho kimefungwa, namba imeshajazwa, ukibonyeza hakibadiliki. Kifungueni. Acheni tujaze kiwango chetu na tuambatanishe hesabu zilizokaguliwa, na kama kinawashtua tupigieni, tuulizeni mstari kwa mstari, nitakuwepo. Kama mna lazima ya kiwango kimoja kwa wote, basi kiwe cha kuanzia na si cha kumalizia, na mdogo aruhusiwe kuonesha kwamba chake ni kikubwa kwa sababu ni mdogo, maana mkaguzi hatoi punguzo kwa kuangalia sura. Ukaguzi mnaoutaka ninyi ulipiwe nje ya asilimia. Miezi ya kufunga mradi ilipiwe. Na wale mnaoweza, toeni hata ruzuku moja ya shirika zima isiyofungwa kwenye mradi, tajiri wa Marekani MacKenzie Scott tangu 2020 ametoa mabilioni ya dola kwa njia hiyo na mashirika hayakukimbia na hela.

Mimi kwa upande wangu ahadi ninayoweza kutoa ni hii, ripoti yangu ijayo nitaandika kazi yangu kwa jina lake. Mhasibu, siku kadhaa, mradi fulani. Afisa takwimu simjui, mratibu msaidizi simjui. Mkikataa hilo fungu mtalikataa mkiwa mnaliona.

Wenu katika kazi,
mhasibu wa huku chini

N.B. Mkijibu naomba mseme asilimia ni ya nini, maana hili limeshatugombanisha na wafadhili wawili. Gharama za moja kwa moja zikiwa 100,000, asilimia 10 yake ni 10,000 na bajeti nzima inakuwa 110,000. Lakini kama mnamaanisha 10 ya bajeti nzima, inatakiwa 11,111. Na mseme kama vifaa vya bei kubwa na hela tunazompitishia mshirika zimo kwenye hesabu hiyo au hazimo, Wamarekani kwa mfano vifaa hawavihesabu na hela ya mshirika wanahesabu dola 50,000 za kwanza tu, zamani ilikuwa 25,000. Afisa wenu aliyepita alisema "10 tu, ya kawaida". Ya kawaida ndio ipi?